Nusu ya Mlango wa Fundi Hamadi

Siku niliyoanza kazi katika ofisi ya ujenzi ya Chake Chake, Mchoraji Mkuu, Mhindi mwenye miwani na ulimi mkali, hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa bikari, kifaa cha miguu miwili cha kupigia duara, akaniamuru nichore dirisha. Nikalichora lote. Akaichana karatasi katikati mbele ya macho yangu.

"Kijana, pande mbili za dirisha hili zinatofautiana?"

"Hazitofautiani, bwana."

"Basi kwa nini unaila karatasi ya Serikali? Piga mstari wa kati, uchore nusu. Nusu ya pili, fundi ataigeuza mwenyewe."

Mstari wa kati ndio ule unaougawa mchoro mahali ambapo pande zake hulingana. Nikaishika kanuni hiyo kama nilivyozishika nguzo za udhu chuoni. Nilihamishiwa Wete chini ya Mhandisi wa Wilaya, mtu wa haraka asiyependa kungojwa wala kungoja, naye akanisifu kwa kanuni hiyo hiyo.

Katika safari za kupima barabara ya kusini tulikuwa tukipita Mtambile, ilipokuwapo nyumba ya Fundi Hamadi, mchonga milango. Kizingiti cha juu cha mlango wake, yaani gogo linalolala juu ya miimo, alikichonga maua ya kina kirefu, hata ungedhani yana umande. Nilimstahi mtu yule kuliko wakubwa wangu wote. Siku moja gurudumu la gari letu lilipopasuka, nikaomba ruhusa, nikaketi barazani pake kuinakili nakshi ile.

Nilipofika mstari wa kati nikaweka kalamu chini. Fundi akachungulia begani pangu.

"Mbona umekomea njiani, mwanangu? Umechoka, au kalamu imekufa?"

"Upande wa pili ni huu huu, Fundi. Hugeuzwa tu."

Akacheka hata kofia ikamwinama. "Na uso wako je? Hebu ugeuze, tuone kama mkeo atakufungulia mlango! Kaa, kahawa iko motoni. Upande wa kulia nimesema mengine."

Honi ikalia barabarani. Mhandisi alikuwa tayari.

"Siku nyingine, Fundi, inshallah."

"Inshallah. Mlango hauna miguu."

Nilipita pale mara nyingi baadaye, na kila mara kazi ya Serikali ilikuwa na haraka kuliko mimi. Kisha nikapelekwa Unguja. Fundi akafariki, nyumba ikabaki tupu, paa likavuja, na mchwa wakakila kizingiti chote.

Nilipostaafu nikarudi Pemba, na katika kupanga vitu vyangu nikafungua bomba la bati la kuhifadhia ramani. Mchoro ulikuwamo, wino wake mweusi kama wa jana. Nikaupeleka Mtambile kwa Bi Asha, binti wa marehemu, niliyesikia anaijenga upya nyumba ya babake na anatafuta mtu anayeikumbuka nakshi ile. Akaushika kwa mikono miwili, akalia. Kisha akaugeuza nyuma, akaurudisha.

"Na upande wa kulia, kaka yangu?"

Nikafumba macho kuutafuta. Niliwahi kuutazama, sikuwahi kuuona. Jicho lililozoeshwa ulinganifu halioni kingine.

"Mchongaji anaweza kuugeuza huu," nikasema, nami nikajisikia nikisema kwa sauti ya Mchoraji Mkuu.

"Baba hakugeuza. Chonga mlichonacho; upande wa kulia wa gogo na ulale tupu. Simtii baba maneno kinywani."

Ninyi mnaoingia ofisini leo, kanuni mtafundishwa, nazo ni njema kwa madirisha. Lakini ukikutana na kazi ya bwana wa kazi, kaa uinywe kahawa yake.

Kizingiti kipya, kilichochongwa kwa mchoro wangu, kipo Mtambile: kushoto maua, kulia mbao laini. Wapitao humwuliza Bi Asha kama mauti yalimkatiza babake kazini.

"Fundi alimaliza," huwajibu. Jina langu halitaji, nami namshukuru kwa stara hiyo.