Jarida Lisiloshika Moto

Miaka ile ya hali ya hatari, wakoloni walipotuzuia kutembea bila kibali, nilikuwa mwalimu asiye na mafunzo katika shule ya shamba huko Dundori. Nilifundisha hesabu kwa kujiamini sana, kwa kuwa aliyenizidi alikuwa mwalimu mkuu peke yake, naye alikuwa amelazwa Nakuru kwa kifua kikuu.

Kabla ya kulazwa alisikia redioni kwamba mwanafizikia mmoja maarufu ameorodhesha makala za kisayansi ambazo mtu akizisoma zote ataielewa fizikia bila kukanyaga chuo. Mwalimu alikuwa amenyimwa pasipoti ya kwenda kusoma ng'ambo. Chuo chake kilibaki hizo makala. Orodha, redio ilisema, imechapishwa katika jarida fulani la sayansi. Akaniomba nimtafutie, na haraka, kwa sababu daktari alishamwambia asipange mambo ya mwaka ujao.

Nikaomba kibali cha mzungu wa shamba, nikashuka Nakuru, mtaa wa Wazungu wa Milimani, kwa mjomba wangu, mpishi wa daktari wa mifugo. Magazeti ya bwana wake yalikuwa yamerundikwa kando ya jiko.

"Ni ya kuwashia," mjomba akasema. "Ama unataka kusoma moto?"

"Natafuta la sayansi, mjomba."

"Lile la kung'aa? Beba. Halishiki moto, linanijazia moshi tu."

Orodha ilikuwemo, ukurasa mzima. Nilienda hospitali nikitembea kama mtu aliyeivumbua nguvu ya uvutano mwenyewe.

Mwalimu aliisoma mara mbili. Majina ya makala tu, nusu yake kwa Kijerumani.

"Hii ni menyu, kijana," akasema. "Chakula kiko wapi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Maktaba ya mji ilikuwa ya Wazungu. Mlangoni niliulizwa nani amenituma. Niliposema nimejituma, mlango ulifungwa.

Basi mwalimu akachagua makala moja iliyohusu mwanga, akaanza kukisia ndani yake mna nini. Kila nilipopata kibali nilimkuta ameegemea mto, akinieleza hatua mpya kati ya kikohozi na kikohozi. "Lazima aliandika hivi. Hakuna njia nyingine." Niliitikia. Sikuelewa hata robo. Tulimzika mvua ya Machi ilipoanza.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo kikuu, niliipata makala hiyo kwa dakika chache. Mwandishi hakuwa amepita njia ile kabisa. Mwalimu alipotea tangu hatua ya pili, na sasa nilikuwa nimesoma kiasi cha kuliona kosa lake. Nilikaa nayo mpaka taa za maktaba zikaanza kuzimwa, nikitafuta mstari mmoja, mmoja tu, ambao angekuwa amepatia.