Kioo Kisichoona Wekundu

Enzi zetu, ninyi wenzangu mliochezea mchanga wa mto Kinyasungwe wakati Mdachi bado yuko bomani, picha haikuwa kitu cha kwenda kuchukua mjini na kurudi nacho kabla ya jua la utosi. Tulikula ugali wa uwele kwa mlenda, tukafinyanga ng'ombe wa udongo na kugombania madume, na mtu aliweza kuishi mpaka akazeeka bila kuiona sura yake ila majini. Na pale kwetu Gulwe mto wenyewe ulikuwa na maji kwa msimu tu. Wengi wetu tuliambiwa na wenzetu kwamba tuna pua kubwa, tukaamini.

Reli ndiyo iliyotuletea Fundi Sefu. Alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mwenye kanzu iliyoshika vumbi letu mpaka ikawa haina rangi ya pwani tena. Wadachi walimwajiri apige picha za madaraja na za wazee waliosimamishwa mstari mbele ya boma. Kazi hiyo aliifanya haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Akiimaliza alianza kazi yake mwenyewe, na hapo watu walisema ana wazimu. Alikaa asubuhi nzima akitazama ukuta wa tembe, akingoja kivuli cha boriti kifike anapopataka. Siku moja alipiga picha ya kibuyu cha maziwa, tena kitupu. Mama alimwuliza kwa nini asingoje kijazwe.

Siku aliyofika uani kwetu mara ya kwanza alisema kwa adabu zake zote, akianza na salamu ya kwetu, "Mbukwa, mama. Naomba nimpige binti yako." Alimaanisha dada yangu Nyemo. Jamani! Kiswahili chetu cha kuokoteza kwenye kambi za reli kilijua kupigwa kwa namna moja tu, nako kulikuwa kiboko, hamsa ishirini, askari akihesabu kwa sauti. Mama akashika mchi. "Amekosa nini mwanangu? Nipige mimi!" Fundi Sefu akarudi nyuma, akajikwaa kwenye miguu ya kamera, akaanguka nayo. Tulicheka mpaka tukaketi chini. Tangu siku hiyo akawa kama ndugu wa nyumbani.

Nyemo alikuwa ameposwa na mtu wa kijiji cha Mlali, na baada ya mavuno angeondoka. Mama alikuwa amezika watoto wawili kabla sijazaliwa, na kilichomtesa zaidi ni kwamba nyuso zao zilikuwa zimeanza kumtoka. Alilisema waziwazi akiwa anasaga uwele, "Huyu anaondoka akiwa hai. Sitaki naye anitoke." Kwa hiyo alimwomba Fundi Sefu picha ya Nyemo, abaki nayo.

Fundi alifurahi mno, maana alikuwa akiutamani uso ule tangu siku ya mchi. Ila vioo vyake, vile vinavyoshika picha ndani ya kamera, vilikuwa vimekwisha, kimebaki kimoja. Vingine vingeletwa na treni, na bibi harusi angekuwa ameshakwenda.

Asubuhi ya kupigwa picha Nyemo alitoka tembeni amepakwa udongo mwekundu uliochanganywa na samli, kuanzia nywele mpaka miguuni, shanga zikimning'inia. Ninyi mnaukumbuka wekundu ule. Hata ng'ombe waligeuka. Fundi Sefu alipomwona akashika kichwa.

"Mama, mwambie aoge."

"Aoge? Amefiwa na nani? Udongo huu huogwa msibani."

"Kioo changu hakioni wekundu. Kikiona wekundu kinaona giza. Atatoka mweusi tii, hutamjua."

Mama alisema binti anayeolewa haogi udongo wake kwa ajili ya kioo. Fundi alisema kioo ni kimoja, kikiharibika basi. Walibishana hivyo mpaka mimi nikaanza kulia, nikidhani hakuna picha tena. Nyemo mwenyewe ndiye aliyekata shauri. "Nipige nilivyo," alisema. "Nikioga utapiga mtu mwingine."

Fundi Sefu akamshika mabega, akamgeuza taratibu, ubavu kwenye jua changa, ukuta wa tembe nyuma yake. Akangoja. Akamwomba Mama aongeze samli kidogo kwenye paji la uso na mashavuni, akangoja tena. Nyemo alipokaribia kucheka, akapiga.

Kioo alikisafishia ndani ya tembe letu, katika chumba cha ndama, akilisifu giza lile kwamba huko pwani hajawahi kulipata. Kesho yake akaweka karatasi ya picha chini ya kioo juani, nasi tukaona uso wa dada yangu ukijitokeza polepole. Alikuwa mweusi kweli, lakini samli ilikuwa imeshika mwanga. Paji, shavu, mdomo unaotaka kucheka, vyote viling'aa. Fundi Sefu alifuta macho na kusema hajawahi kupiga picha kama ile. Namwamini hata leo.

Mama aliitazama sana. "Ni mzuri," akasema. "Lakini siku ile alikuwa mwekundu."

Akachovya kidole kwenye chungu cha udongo na samli, akaipaka picha shavuni. Fundi Sefu alitazama alama ile, kazi yake bora imechafuliwa mbele ya macho yake, kisha akaanza kutikisa kichwa, akitabasamu. "Hapo sasa ndipo nilipokuwa sipawezi," alisema. Reli ilipoendelea kuelekea Dodoma akaenda nayo, na hatukumwona tena.

Siku hizi wajukuu zangu wanakwenda studio mjini, wanajipaka poda mpaka wanafanana na watu waliotoka kinuni, wanaazima saa na tai, wanasimama mbele ya pazia lililochorwa ndege. Wakirudi wananiletea picha nyingi ajabu, na katika zote sioni hata moja ambayo mtu aliingoja. Nawacheka, lakini zote naziweka.

Nyemo hakurudi kutoka Mlali. Njaa ya wakati wa vita ilimchukua akiwa huko, na habari zilitufikia ameshazikwa. Mama aliishi miaka mingi baada yake na hakusahau uso ule hata siku moja. Yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumpiga picha, wala hakuna aliyefikiria. Nikitaka kumwona Mama natoa picha ya dada, naisogeza dirishani, nautazama udongo uliokauka pale shavuni. Mistari ya kidole chake bado inaonekana.