Fundi Cherehani Aliyelitundika Tairi

"Hatukukubaliana hivyo, shemeji," dereva alisema, kikombe cha chai mkononi. "Mimi nilisema utoe tairi ulirudishe. Sikusema ulitengeneze gari upya."

"Ulisema nilitoe na kulirudisha peke yangu," Sindano akamjibu. Alikuwa amepiga magoti uani, spana mkononi, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni kama siku zote. "Hukusema nilitundike juu ya nini. Kunywa chai yako."

Tairi lilikuwa limelala kando yake. Pale lilipotoka, vijiti vinne vya chuma vilikuwa vimechomoza, vipya, vinang'aa. Dereva aliviangalia kama mtu aliyekuta nyoka wanne chumbani.

Sindano alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa kwa wembamba wake na kwa kupenya asikotarajiwa. Kwa kimo alikuwa mfupi kiasi kwamba akiendesha gari aliloachiwa na marehemu mumewe, mtaa mzima uliapa linajiendesha lenyewe. Inasemekana askari wa barabarani alilisimamisha siku moja, akachungulia ndani, hakuona mtu, akalipigia saluti na kuliruhusu liende zake. Kwa gari hilo alipeleka mapazia na sare kwa wateja wa mbali. Bila hilo, wateja hao wangekwenda kwa mafundi wa karibu nao, naye angebaki kupindia suruali za majirani.

Dereva huyo, mdogo wake marehemu, aliendesha malori, na gari la kaka yake alikuwa akilimezea mate. Wiki iliyopita tairi lilimtobokea Sindano njiani. Alihangaika nalo tangu asubuhi mpaka jua la utosi, kwa sababu gari lile lilikuwa la bolti. Tairi la gari la bolti lazima ulishikilie hewani, tundu lake lilingane na tundu la habu, kile kitovu cha chuma kinachobeba gurudumu, ndipo uisukume bolti ndani uikaze. Mwenye mikono miwili huhitaji mitatu. Mtu wa kimo cha Sindano alihitaji minne na goti la kuazima. Shemeji alipokuja kumwokoa, aliutia ufunguo mfukoni mwake, akasema gari linataka mtu mwenye kifua.

Walizozana siku mbili. Mwishowe wakaafikiana: Jumamosi, Sindano akiweza kutoa tairi na kulirudisha bila msaada kabla shemeji hajamaliza kikombe kimoja cha chai, ufunguo utarudi. Akishindwa, gari ni la shemeji.

Sindano hakulala akilia. Aliwaza kifundi. Koti halishikiliwi ukutani kwa mkono. Hupigiliwa msumari likatundikwa. Kama magari mengine yana misumari yao, na la kwake lifungwe yake.

Alifungua bolti moja, akaifunga kwenye kitambaa, akaenda nayo duka la vipuri. Muuzaji akamuuliza bwana wake anataka vipuri vya kufanyia nini. Sindano akamwambia bwana wake yuko mbele ya haki, na hadhani huko wanabadilisha tairi. Tangu hapo muuzaji alikuwa na adabu. Alimletea studi kumi na sita, vijiti vyenye hesi, yale meno ya kukazia, huku na huku: upande mmoja huzama kwenye habu, wa pili hubaki nje kungoja tairi na nati. Sindano akailaza studi moja ubavuni mwa bolti, akaziinua dirishani. Meno hayakukutana, mwanga ulipita katikati. Muuzaji akaapa kwamba zikikazwa kwa nguvu zitaingia.

"Kifungo kikubwa hulilazimisha tundu mara moja tu," Sindano akamwambia. "Mara ya pili unanunua shati."

Akaletewa nyingine, zikaoana. Nati nazo akazipima mdomo, ziwe na mteremko uleule wa bolti ya zamani, zikae sawasawa kwenye ringi.

Jumatatu akaanza, gurudumu moja baada ya jingine, mawe yakizuia yaliyobaki. Hapo ndipo ufundi wake ulipomponza. Fundi cherehani hawezi kuona chuma kinaingia kwenye chuma bila kukipa tone la mafuta. Kila tundu alilidondoshea mafuta ya cherehani, kwa mapenzi kabisa, ndipo akapaka gundi ya kushikiza hesi na kuingiza studi. Jumanne alijaribu kufungua nati ya kwanza. Ikatoka na studi yake, zimekumbatiana kama maharusi.

Alikaa chini. Zilikuwa zimebaki siku nne. Akaigusa studi, akavinusa vidole, akacheka peke yake: nani alishawahi kubandika kiraka kwenye kitambaa chenye mafuta?

Alizitoa zote kumi na sita. Akasugua kila tundu kwa brashi ya waya, akaliosha kwa spiriti, akalifuta mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Akapaka gundi upya. Ili kuzungusha studi bila kujeruhi hesi, alibananisha juu yake nati mbili, mgongo kwa mgongo, akaikaza kwa kuizungusha nati ya nje. Kisha akazungusha kila habu kwa mkono, sikio karibu, asikie kama kuna ncha inayokwaruza nyuma. Alipomaliza Jumatano aliiacha gundi ikauke, na siku mbili nzima alishona mapazia bila hata kugeuza shingo kuelekea uani.

Sasa Jumamosi ilikuwa imefika, na shemeji alikuwa bado analalamika. Sindano akaliinua tairi juu ya paja, akalisukuma. Vijiti vinne vikapita kwenye matundu manne, tairi likaning'inia lenyewe kama koti la hakimu.

Dereva alipoliona linaning'inia bila kushikwa, heshima ilimtoka. Akaimimina chai yote kinywani, ikichemka. Chai ikarudi kwa njia iliyoendea, na wanaojua wanasema moshi ulitoka masikioni. Alipopata pumzi, Sindano alikuwa ameshaweka nati zote: ya juu, ya chini, ya kushoto, ya kulia, kidogo kidogo kwa kupishanisha. Akashusha jeki, akazikaza tena kwa mpangilio uleule.

Dereva alichukua spana ndefu, akaijaribu nati ya kwanza kwa uzito wake wote. Haikusogea. Ya pili, ya tatu, ya nne. Akachuchumaa, akaitazama ile kazi kwa muda mrefu, naye alikuwa mtu wa malori miaka ishirini.

"Nani alikufundisha kupishanisha?" aliuliza, ulimi mzito.

"Kushona mto wa duara. Ukibana pini kwa kufuata mzunguko, kitambaa kinavutika upande mmoja."

Dereva akatikisa kichwa, mkono ukaingia mfukoni. Ufunguo ukatua kiganjani mwa Sindano.

"Ukishatembea kidogo, uzikaze tena," alimwambia, kwa sauti anayowapa madereva wenzake. Kisha akajikuna shingo. "Lakini shemeji, kwa safari ndefu bado naona ni—"

Lango likafunguliwa. Mama mkwe wa Sindano, aliyemzaa dereva huyohuyo, aliingia na mkoba wa safari kwapani, akampita mwanawe bila kumtazama, akafungua mlango wa mbele wa abiria, akaketi, akajifunga mkanda, akamngoja Sindano ashike usukani.