Kijana wa Kupeleka Posa

Ungewapanga wanaume wote wa kambi moja ya wafanyakazi kule Industrial Area ya Doha kwa umri, kuanzia mdogo hadi mkubwa, kisha ukamvuta aliyesimama katikati kabisa, ungetoka na kijana wa miaka ishirini na saba anayetafuna chingamu. Mwisho wa mstari, peke yake kama mkia wa mbuzi, angesimama Cornelius, soja wa geti, miaka arobaini na minne.

Wakamwita Mzee. Wakamwachia kitanda cha chini. Wakamletea kesi zao za soksi zilizopotea na wachumba wa simu, naye akazikata, akikohoa kidogo kabla ya hukumu. Mtu huyo huyo, kwao Vihiga, ambako vijana walikimbilia Nairobi wakaacha vikongwe na watoto wa shule, alikuwa mwenyekiti wa vijana mpaka siku ya kupanda ndege. Na pale Al Thumama alipolinda geti la matajiri, babu mmoja mwenye fimbo na kundi la wajukuu alimwita mtoto.

Uzee wa kambini ulimkaa vizuri hadi mwaka 2014, alipojiwa na Eugene, soja mwenzake, miaka ishirini na sita, kifua kama mlango. Eugene alisema anataka kumposa Roselyne Kwamboka, yule nesi wa kwaya, na posa bila mzee ni uhuni. Wazee wenyewe wako Kenya. Basi Mzee amsindikize Ijumaa, akamsemee.

Maskini hakujua kwamba Cornelius, mgane, alikuwa akikaa kanisani nyuma ya Roselyne kila Ijumaa, siku ya ibada kule Doha, akingojea ujasiri kama mtu anayengojea lifti iliyoharibika. Wivu ukampanda hadi masikioni. Wiki nzima Eugene alipiga mluzi kitanda cha juu, na Cornelius, kitanda cha chini, akamwombea upara. Lakini hakukataa. Posa ikiwa mdomoni mwake, aliwaza, anaweza kuitema.

Ijumaa wakaenda mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kwa Kawira, aliyeishi na Roselyne. Kawira alikuwa na miaka thelathini na mitano tu, ila alikuwa amepewa kazi ya kuwa mama wa bibi harusi, kwa hiyo alijifunga leso mbili ili anenepe hekima. Wageni wakalishwa chapati na kuku, kisha wakaulizwa kilichowaleta.

Cornelius akakohoa. Hotuba alikuwa nayo, ile ya ua zuri lililoonekana bomani. Akamtazama Roselyne ndani ya gauni la zambarau. Roselyne alikuwa akimtazama Eugene. Hotuba ikageukia njiani.

"Mama," akasema, "nitakuwa mwongo nikiongea hapa. Kwetu mimi bado kijana. Nina wajomba wa miaka tisini, wakiniona kwenye kiti hiki watanicharaza. Tungojee mzee wa kweli."

Alijua fika kwamba mzee wa kweli wa Kikenya hapatikani Doha. Wangengoja mpaka Eugene aote mvi.

Kawira akamuuliza, kwa heshima zote, kama ana hakika. Cornelius akasema hakika kabisa, yeye ni kijana mtupu.

"Haya basi, ndugu yangu. Vijana hawakai posa ikizungumzwa," Kawira akasema. "Bwana harusi atabaki kwa kuwa ndiye anayezungumziwa. Na kama wewe si mzee, basi mkubwa humu ni mimi, nitasemea pande zote mbili. Wewe shuka dukani utuletee soda."

Cornelius akamgeukia Roselyne, akitumaini atapinga.

"Yangu Fanta," Roselyne akasema. "Iwe baridi, kijana."

Alishuka. Muuza duka hakuwa na haraka. Alikuwa akibishana na mtu kuhusu kriketi, na Cornelius alisimama pale akijilaani kwa lugha ya mama. Alirudi akipanda ngazi mbili mbili, kreti ikimpiga magoti, lakini kabla hajafika mlangoni vigelegele vikamwagika hadi nje.

Akaingia. Akagawa soda kwa adabu, wakubwa kwanza, kama inavyompasa kijana. Ya Eugene aliitikisa vizuri kabla ya kumpa.