Trekta Ilivyotoka Getini

Mtaani walimwita Sindano, na si kwa sababu ya kushona mapazia tu. Mwanamke yule hakuweza kuona kitu kimeharibika asikichokonoe. Pasi, kufuli, redio, vyote vilishapita mikononi mwake, na baadhi vilipona. Kwa hiyo trekta ndogo aliyoiacha marehemu baba yake ilipoanza kuvuja mafuta kwenye silinda ya usukani, ile inayosukuma magurudumu ya mbele yakate kona, wengine walinuna, yeye akapiga vigelegele. Hatimaye kapata mgonjwa wa maana!

Kaka yake mkubwa, seremala, alikuwa miongoni mwa walionuna. Kila alipovuka ua kwenda kwenye karakana yake alikanyaga mafuta, na mara ya mwisho alikaa chini bila kupenda, ubao begani. Siku ileile akamwita mnunuzi wa chuma chakavu aje Jumamosi.

"Kaka, trekta ya baba unaiuza kama sufuria iliyotoboka?"

"Ikitoka getini yenyewe bila kudondosha hata tone moja, ichukue, iwe yako. Isipotoka, inapakiwa. Na usije ukanililia."

"Lia wewe, una machozi ya akiba," akajibu Sindano, lakini usingizi ulimpaa. Kwenye trekta ile ndiko alikojifunza kucheka na baba yake. Hakuwa tayari kuiona ikikatwa vipande.

Ijumaa akainyanyua mbele kwa jeki, akafungua paipu mbili za mafuta, akaichomoa silinda na kuilaza juu ya meza ya kupigia pasi. Mpira wa kuzuia mafuta ulikuwa umekakamaa na kupasuka. Akausugua mkono wa chuma unaoingia na kutoka ndani ya silinda kwa msasa laini hadi ukateleza. Mpira mpya wa dukani akauloweka kwenye maji ya moto ulainike, akaupapasa kwa kidole kama anayetafuta upande wa mbele wa kitambaa, kisha akauingiza, mdomo wake ukielekea kwenye mafuta. Akafunga kila kitu, akawasha injini. Huku ameinama kando ya trekta, mkono mmoja ukizungusha usukani kutoa hewa, macho aliyakaza kwenye silinda tu. Haikuvuja! Akacheka peke yake hadi jirani akaja dirishani kuuliza kama yu salama.

Jumamosi mnunuzi akafika na lori lake, kaka mtu akasimama getini mikono kiunoni. Sindano akapanda, akawasha injini, akaiondoa. Geti lilikuwa kulia, rundo la mbao za kaka yake kushoto. Akakata kulia.

Trekta ikaenda kushoto.

"Mbao zangu!" kaka akapiga ukelele.

Sindano akakanyaga breki, akabaki ameduwaa. Kisha akaelewa, na kicheko kikampanda hadi kooni: zile paipu mbili alikuwa amezifunga kwa kuzipishanisha, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia! Jana aliangalia silinda kama inavuja, hata hakutazama magurudumu yanageukia wapi. Na kuzirekebisha hapo hapo hakuwezekani, maana akifungua tu, mafuta yatamwagika mbele ya mashahidi.

Akajitia hamnazo. Akarudi nyuma kidogo, akavuta pumzi, akakata kushoto kwa nguvu zake zote. Pua ya trekta ikageukia kulia. Akiona nguzo inakaribia, mikono ikitaka kukimbilia huku, yeye anailazimisha kule, jasho linamtoka na mbavu hana kwa kicheko. Nusura aparamie lori. Mnunuzi akaruka upenuni na kofia yake mkononi. Lakini trekta ikapita getini, ikatokea barabarani, ikazima yenyewe kwa mshtuko.

Kaka akainama, akapitisha kiganja chini ya silinda. Kikavu. Akapitisha tena.

"Mbona ulikuwa unazungusha kinyume?"

Sindano akamweleza. Kaka akajikaza, mdomo ukamtetemeka, kisha akaangua kicheko akakaa chini palepale vumbini na suruali yake ya kazini.

"Sasa mimi napakia nini?" mnunuzi akauliza.

"Pakia maneno yangu," akasema kaka, akijifuta macho. Machozi hayakuwa ya kicheko pekee. "Mdogo wangu, nilitaka iondoke kwa sababu kila nikiiona pale imekufa, nilikuwa namzika mzee upya."

Sindano akakipangusa kiti cha baba yao kwa kiganja. Akawasha injini. Kaka akapanda juu ya bati linalofunika tairi la nyuma, akashika kiti kwa mikono miwili.

"Subiri kwanza," dada akasema. "Trekta ya nani?"

Kaka akatazama barabara.

"Yako," akasema. "Twende."