Mume Wangu Marehemu Ana Mchumba Mtandaoni

Jamani, mwanamke nisiyemjua alipiga hodi kwangu na begi la nguo, akasema amemfuata mchumba wake.

Mchumba mwenyewe ni mume wangu. Nilimzika miaka mitatu iliyopita.

Akanionyesha simu. Ni baba watoto kabisa, na sweta lake la kahawia lenye kifungo kimoja cha kijani. Binti yangu aliiweka picha ile mtandaoni wakati wa msiba.

Nyuma yake kinaonekana kibao changu cha ushonaji, chenye jina la mtaa wetu. Ndicho kilichomleta.

"Nilitaka kumshtukiza," akasema. "Kifungo hicho alikishona mwenyewe, kwa kuwa hana wa kumshonea."

"Mwongo mkubwa! Nilikishona mimi!"

Nikamwonyesha picha za mazishi. Mwanamke huyo alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu mzima. Akiba yake yote alimtumia huyo mchumba aliyejidai mgonjwa, akatibiwe.

Alilia kimya. Kisha, pamoja na mzigo wake wote, akanishika mkono. "Pole kwa kufiwa, mama."

Sitasahau.

Kituoni, askari wa zamu alicheka mpaka machozi.

"Bibi, mzee wako kiboko! Kaburini bado anatongoza?"

Tukairipoti akaunti kwa wenye mtandao. Jibu likaja: haina kosa. Tukaripoti tena. Haina kosa!

Binti yangu naye: "Mama, mtu na akili zake anatapeliwaje hivyo?"

Nikachoka.

Baada ya wiki chache nikaenda kumjulia hali mwalimu. Simu yake ikalia mezani. Kifungo cha kijani hicho hapo!

Nikawaka. "Mwanangu, si unajua amekufa?"

"Najua, mama."

"Na huyu ni mwizi?"

"Najua."

"Sasa?"

Akainamisha kichwa. "Kila jioni ananiuliza kama nimekula. Hakuna mwingine anayeniuliza."

Nilikuja na maneno mengi. Nikaomba namba yake tu.

Siku hizi, jioni, navaa miwani namwandikia mwalimu mimi mwenyewe, herufi moja moja: Umekula?

Jana kajibu: Nimekula, mama. Yule nimemfungia.

Labda kweli. Labda ananituliza tu bibi wa watu.

Akaunti bado ipo. Mume wangu bado anatafuta wachumba, na sina pa kumshtaki.

Ila wewe unayewacheka waliotapeliwa, kuna mtu wako anaishi peke yake. Mpigie leo, muulize kama amekula. Mwizi ameshamuuliza.