Miguu Minne ya Meza

Juzi mjukuu wangu Sefu alikuwa akichomelea meza ya chuma chumbani, ajipatie pa kufanyia kazi. Moshi ule ulinirudisha utotoni, kijijini kwetu Mlingotini.

Baba naye alijiundia meza kama hiyo, chumba kimefungwa. Alasiri akalala akitetemeka na kukohoa. Jirani yetu Bi Mwanahawa akamwambia Mama, "Shoga, mumeo kameza chuma."

Nikakimbia kuhesabu miguu ya meza.

"Mama, hajameza! Yote minne ipo!"

Baba alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. Sikujua kuwa alichomeza ni moshi wa chuma. Kifua chake hakikupona tena.

"Sefu, itoe meza hiyo nje kwenye upepo," nilimwambia juzi.

"Bibi nawe! Nzito hii."

Nilikuwa nimechoka, lakini nilishika mguu mmoja, nikamngoja ashike wa pili.